Usiegemee Hapo

Ndugu yangu, sogea huku kidogo. Hapana, sogea. Si chuki. Ukiegemea hiyo motokari utaondoka na rangi yake kwenye nguo, bibi yako atauliza umetoka kwa nani, na jioni nitaitwa kutoa ushuhuda. Nimechoka kutoa ushuhuda. Kaa hapa kwenye kasha la bia, agiza chai, nikueleze.

Hii ni Toyota Corolla ya 1992. Usukani uko kuume, kama wa wenzake wote walioshuka melini Dar es Salaam, wakapita Tunduma, wakakata Zambia nzima, wakaingia Kasumbalesa, wakakuta huku kwetu tunafuata upande wa kuume na usukani unatakiwa kushoto. Hilo silalamiki. Kutaka kupita lori la mawe nikiwa nimekaa upande wa mtaro, sioni kinachokuja mbele, nimezoea. Ninamuuliza abiria. Abiria akisema pita, ninapita. Akikosea tunakosea wote.

Kinachonila ni rangi. Fungua kapo, pale juu ya injini, kuna kibao kidogo cha chuma, kimeandikwa 3E5. Hiyo ni nyekundu ya Toyota, nyekundu yenye kiburi. Nilipoinunua watoto wa avenue walikuwa wanakuja kujiangalia meno kwenye mlango wake. Halafu ikafika siku mtoto akitaka kuona meno yake aende kwa daktari. Ikawa roze, nyekundu iliyopauka. Tena si roze moja. Milango ikawa roze, kapo roze ya ugonjwa, paa roze inayotaka kuwa nyeupe, na nyuma ya plaki ya namba, mahali jua halijawahi kufika, kikabaki kipande cha nyekundu ya kweli. Nilikuwa sikitazami. Nikikitazama ninasikia kulia.

Vijana wameipa jina. Wanaiita Sosisi. Ninakata kona, ninasikia, "Sosisi inakuya, muikale pembeni!" Mimi na umri wangu. Mimi mwenye wajukuu. Mtu anasalimiwa kwa jina la nyama ya kopo.

Sasa ongeza serikali. Karatasi ya motokari huku tunaiita karte roze. Ndani ya karte roze yangu wameandika rangi: ruje, yaani nyekundu. Motokari roze, karte roze inasema ruje. Siku moja bwana mmoja wa filimbi ananisimamisha, anashika karte, anaizunguka motokari polepole, mikono nyuma, sura ya mtu aliyepata riziki.

"Papa, hapa banaandika ruje."

"Ndiyo, shefu."

"Na hii iko ruje?"

"Iko ruje ya kuzeeka, shefu."

"Kwenye karte hakuna fashi ya kuandika kuzeeka."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Amesema kweli. Nikatoa falanga ya sukre. Akapokea kwa mkono mmoja, na ule mwingine alikuwa ameshaushika mlango, akatazama kiganja chake, kimekuwa roze. Akaongeza bei. Ya sabuni.

Mtu wa Lubumbashi, kitu kikimharibikia, ana mshitakiwa wake tayari: lile bomba refu la kiwanda karibu na mlima wa takataka za mukuba, ile shaba yetu. Mwembe ukikauka, bomba. Mtoto akikohoa, bomba. Mimi pia nilikuwa nalo bomba langu, nikilisimulia kwa uchungu, mpaka mtoto wa dada yangu akaniharibia. Huyo anasoma kemia Kasapa, kwenye univesite. Yuko mwaka ambao mwanafunzi anajua kila kitu.

"Tonto, hii si bomba. Hii ni oksidasio. Ni jua."

"Jua liko kila mahali," nikasema. "Mbona motokari ya jirani haijapauka?"

"Jirani iko na garaje, Tonto."

Angalia mtoto huyo. Nimemlipia minervali ya masomo, ananikumbusha kwamba sina garaje.

Akanieleza, na mimi nitakueleza kama nilivyosikia, ukikuta kuna shimo ruka. Rangi ya motokari ni unga uliofungwa ndani ya gundi. Gundi ndiyo inayong'aa. Jua lina mwanga fulani ambao jicho halioni, ule unaochoma mgongo wa mzungu mchanga, na mwanga huo unaivunja gundi kidogo kidogo, hewa nayo inaingia kumalizia. Gundi ikifa, unga unabaki juu hauna wa kuushika. Huo ndio unaoondoka na suruali za watu. Na Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda ule mwanga unaongezeka kama asilimia 10. Halafu tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua hakuna, wingu hakuna. Mwishoni mwa mwezi wa 10 jua la saa sita linasimama juu ya kichwa kabisa, hata kivuli chako kinajificha chini ya viatu. Na nyekundu, akasema, ndiyo rangi inayopenda kufa mapema. Kwa nini basi Wajapani waliipaka? Hilo hajalifikia, labda liko mwaka ujao.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Huu mji wote umezaliwa na oksidasio. Yale mawe ya kijani, malakiti, ni mukuba ulioliwa na hewa na mayi ya ardhini kwa miaka isiyohesabika. Wazungu waliukuta umejaa kule Kalukuluku, wakapaita Étoile, wakajenga tanuru, na mwaka 1911 mukuba wa kwanza ukatoka, mji ukiwa na mwaka mmoja tu. Babu zetu walikuwa wanauyeyusha zamani kabla ya hapo na kumwaga misalaba. Mpaka leo malori yanapanga mstari kwenda Kasumbalesa. Yaani oksidasio ya wenzangu inapanda lori kwenda bandarini kutafuta dola. Yangu inapanda suruali.

Ningevumilia. Mimi ni mtu wa kuvumilia, uliza bibi yangu. Lakini ikaja komunyo ya kwanza ya mtoto wangu wa mwisho.

Mama mukwe akafika tangu jana yake. Asubuhi akatoka amevaa kikwembe cheupe. Ndugu yangu, cheupe! Kimepigwa pasi mpaka kinaongea. Kitambaa cha kichwa cheupe, viatu vyeupe, rozari mkononi. Mlango wa nyuma wa Sosisi haufunguki kwa nje, lazima mtu aingie mbele, ainame, avute kamba. Nikaingia kuvuta kamba. Kamba ikagoma. Mama mukwe alikuwa anasubiri, mtu mzima, miguu inamuuma, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye mwili angefanya. Akaegemea.

Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshageuka kuwaita watoto. Nikaona. Nyuma yake, kule chini, pande zote mbili, roze. Duara mbili zilizokamilika.

Sasa wewe ni mtu wa huku, unajua bukwe. Mbele ya mama mukwe huli, hucheki ovyo, humtazami machoni, na ukimwona anakuja njia yako unahama njia. Kuna maneno machache sana ambayo mkwe anaweza kumwambia mama mukwe wake. "Shikamoo mama", hilo lipo. "Mama, umechafuka matako", hilo halipo. Nimelitafuta njia nzima, Kiswahili, Kifaransa, Kiluba, halipo. Na bibi yangu, ambaye angeweza kusema, alikuwa ameshatangulia na wenzake wa korali.

Nikafanya kilichobaki. Tuliposhuka nikatembea nyuma yake. Karibu. Nimefungua koti la kostimu kama pazia. Akisimama nasimama. Akienda kuume naenda kuume. Watu wa parokia wakaanza kutazamana: huyu baba ana nini na mkwewe? Yeye mwenyewe akasikia pumzi yangu mgongoni, akaongeza mwendo. Nikaongeza na mimi. Tukaingia kanisani tunakimbia. Na wakati wa kutoa sadaka, mistari ikachanganyika, mama mmoja mnene akaingia kati yetu, na mama mukwe akapanda mpaka mbele kabisa, akageuka kuinama mbele ya kikapu, mgongo kwa parokia nzima.

Korali ilikosa sauti moja. Niliijua hiyo sauti. Ninaishi nayo.

Jumapili hiyo chakula sikukiona. Bibi yangu akasema maneno mafupi: "Hii motokari itengenee ao ilale inje ya parsele." Kwa kuwa ilikuwa inalala ndani, na mimi nalala ndani, nikaelewa kwamba tumeunganishwa.

Nikaanza kuuliza watu. Kosa kubwa katika mji huu ni kuuliza watu, maana wanajibu. Jirani wa kushoto akasema dawa ya meno. Nikadhani ananitania. Kumbe kweli, ndani yake kuna unga laini wa kusugua, ndiyo maana meno yanang'aa, na kwenye taa za mbele zilizopauka inasaidia kidogo. Nikapaka kapo. Tyubu ikaisha kabla kapo haijafika nusu. Nyumba nzima ikakaa bila dawa ya meno, motokari inanuka mdomo wa asubuhi, na kwenye kapo kikatokea kiraka chekundu cha ukubwa wa sahani. Mtu akipita anauliza, "Hapo iligongwa?"

Jirani wa kuume akasema mazuti, ile ya malori. Chovya kitambaa kwenye mazuti, pangusa, utaona. Nikaona kweli! Ikang'aa! Nikaizunguka, nikaita bibi, nikaita watoto. Halafu lori likapita. Kwetu barabara ni udongo mwekundu, unalijua vumbi la mwezi wa 8. Vumbi lote la commune likaja kukaa juu ya ile mazuti. Jioni motokari ilikuwa na koti.

Lakini mshauri aliyenimaliza ni yule mama anayeuza makala ya kupikia pale kona. Akaiangalia motokari kwa huruma, akasema, "Papa, kama inakosa bwekundu, si uipake mafuta ya ngazi? Ile iko nyekundu."

Ndugu, ukiisikia haraka ina akili. Nyekundu juu ya nyekundu. Na ni ya asili. Nikanunua chupa ya mawese. Nikapaka yote, mpaka paa. Ikawa nyekundu hivyo, na kuelekea machungwa kidogo, ya kula. Harufu ikapanda. Kila aliyepita akauliza nani anapika sombe. Mbwa wa kwanza akaja kulamba tairi kwa adabu. Wa pili akapanda kapo. Usiku wakaja ambao siwafahamu, mbwa wa commune nyingine, na juu yao siafu, mstari kutoka ukutani mpaka kwenye kioo. Asubuhi Sosisi ilikuwa imelambwa vizuri kabisa, roze ileile, na makucha kwenye kapo. Jina nalo likapata maana.

Kuosha yale mafuta nikatumia OMO. Nani hatumii OMO? Mtoto wa dada akanikuta napangusa povu roze, akashika kichwa. Sabuni ya nguo, akasema, inakata mafuta yote, na yale machache yaliyokuwa yanailinda rangi yameenda na mayi. Nikamwambia akasome.

Ndipo nikapelekwa kwa muzee mmoja wa penture huko Katuba. Mtu mdogo, mfupi, kofia imepigwa rangi zote za motokari za Katanga tangu Mobutu. Sikumwambia kitu. Akainusa kwanza.

"Ngazi?"

"Ngazi, muzee."

"Hm." Halafu akanusa tena. "Na mazuti."

Bei ya kupiga penture mpya alinitajia. Ukiongeza kidogo juu yake unanunua motokari nyingine, tena yenye mlango unaofunguka. Akaona sura yangu. Akachukua kitambaa cheupe, akatia pate kidogo, akafungua mlango, akasugua pale pembeni ndani ambapo hapaonekani. Kitambaa kikawa chekundu. Nikaruka. "Umeitoa rangi yangu!"

"Tulia, papa. Ile ndiyo habari ya muzuri."

Akanieleza kwa uvumilivu wa mtu anayejua sitalipa. Motokari ziko namna mbili. Za zamani kama yangu, rangi yenyewe ndiyo iko juu, hakuna kingine. Ukisugua, kitambaa kinachukua rangi. Zilizokuja nyuma zimefunikwa na verni isiyo na rangi, ukisugua kitambaa kinabaki cheupe. Yenye verni ikianza kubambuka, maganda maganda, usijisumbue: hakuna pate, hakuna nta, hakuna maombi, ni kukwangua na kupiga upya. Lakini ya namna yangu, unga ni wa juu tu. Chini yake rangi bado inaishi. Unaondoa iliyokufa, unaifikia iliyo hai.

"Lakini pole pole," akasema. "Penture yote, tangu chuma mpaka juu, haipite sana karatasi moya ya kaye ya masomo. Na weye dawa ya meno ilishakula." Akapita kidole kwenye kiraka changu. Sikuwa nimemwambia habari za dawa ya meno.

Kwenye paa akasimama muda mrefu. Akagonga kwa kucha. Palikuwa na sehemu ambapo kijivu kilikuwa kinachungulia, ule mkono wa kwanza wa chini. "Hapa hapana tena. Hapa ukisugua utafika Tokyo. Acha vile, siku ukipata falanga tutapiga paa peke yake. Usiguse."

Kazi yenyewe akanipa mimi. Eti kwa bei yangu, mikono ni yangu, yeye atatoa mdomo. Kuna mashine, mtoto wa dada akaileta, ni keekee ya umeme imefungwa sponji mbele, inazunguka kwa hasira. Akaiwasha karibu na ukingo wa mlango. Muzee akapiga kelele: ukingoni rangi ni nyembamba kuliko kote, mashine inaichoma na kuimaliza kabla hujavuta pumzi! Kijana hakusikia, mashine inanguruma. Kilichotuokoa ni kurani ya umeme. Ikakatika mtaa mzima. Mara ya kwanza maishani nimeshukuru kurani kukatika, na nilishukuru kwa sauti, majirani wakanisikia, sasa wananidai maelezo.

Basi tukaosha. Sabuni laini, mayi mengi, kutoka juu kwenda chini. Muzee akaniambia niingize mkono ndani ya sashe ya plastiki, zile nyembamba za sokoni, nipapase mlango uliooshwa. Jaribu na wewe. Kwa mkono mtupu ni laini, kwa sashe unasikia mchanga mchanga, vipele vya vumbi na chuma vilivyojikita ndani ya rangi. Hivyo vinatolewa kwa udongo maalumu, unaukanda, unalowesha kwa mayi ya sabuni, unauteleza taratibu. Ukiangusha udongo chini, unatupa, maana umeokota mchanga. Niliuangusha. Nikauokota. Muzee akanitazama. Nikautupa.

Halafu kingo zote zikafungwa skochi. Halafu mafuta ya polishi, ya kweli safari hii, mazito, rangi iliyokauka inayanywa. Paka, acha ilale, kesho pangusa. Na kazi yote kivulini. Chuma kikiwa cha moto pate inakauka kabla hujasugua, inaacha madoa. Kivuli chetu ni mwembe mmoja, na kivuli cha mwembe kinatembea, kwa hiyo tulikuwa tunasukuma motokari kufuata kivuli. Watu wakasimama. "Papa, imekufa?" Haijafa. "Mbona munasukuma?" Tunafuata kivuli. Wakaondoka wanatikisa kichwa.

Nikasugua. Pate ya mchanga mnene kwanza, halafu laini. Mistari iliyonyooka, si mizunguko, mizunguko inaacha alama zinazoonekana juani. Kipande kidogo, pangusa, geuza kitambaa, kipande kingine. Vitambaa vikaisha. Fulana zangu zikaisha. Bega likahama mahali pake. Usiku nilikuwa ninasugua bibi yangu usingizini, mistari iliyonyooka, akanisukuma kitandani.

Lakini mlango wa kwanza ulipotoka! Eh! Nyekundu. Ile ya nyuma ya plaki. Mtoto akaja akajiangalia meno. Sikusema kitu, nilikwenda nyuma ya nyumba kidogo.

Kung'aa si mwisho, muzee akasema, kung'aa ni mtoto uchi. Lazima nta. Nta nzuri inatoka Brazili, kwenye majani ya mti unaoitwa karnauba, jamaa ya mitende. Mti wenyewe unajipaka nta hiyo kwenye majani ili jua lisiukaushe. Mti una akili kuliko mimi, sawa. Unapaka kidogo sana, hivi kwamba unaona huruma, unaacha ikauke, unafuta. Mvua ikija mayi yanajikunja vidonge vidonge na kuteleza. Kwenye kopo wameandika inadumu miezi 6. Muzee alicheka mpaka akakaa. Kwa jua letu hesabu miwili, mitatu ukiwa na bahati, halafu unarudia. Mpaka lini? Mpaka uiuze. Au ikuuze.

Sasa ndiyo maisha yangu. Nikiiweka juani, jua. Nikiiweka chini ya mwembe, ndege, na kinyesi cha ndege kinachoma rangi, lazima ukitoe haraka kwa kitambaa chenye mayi, usikwangue kikavu. Kwa hiyo ninakaa chini ya mwembe na kitambaa, ninatazama juu. Siku moja ndege hakulenga motokari. Nikisema nifunike, turubai likiwa na vumbi chini yake upepo unalisugua na kuharibu kuliko jua. Bibi yangu akajitolea shuka, jepesi, la pamba, linafuliwa kila wiki. Lilikuwa shuka la upande wangu.

Juzi mama mukwe akatuma ujumbe kupitia binti yake. Ana msiba Kipushi, apelekwe. Mwenyewe ameomba Sosisi! Kilomita 30 hivi, karibu na mpaka wa Zambia. Nikaiosha, nikaifuta, nikapaka nta mpya milango yote minne. Nikatengeneza kamba. Nikavaa shati langu jeupe, ili watu waone jinsi mtu mwenye motokari inayojiamini anavyovaa.

Mama mukwe akatoka. Amevaa kikwembe cheusi, kizee, cha shambani, na kwapani amebeba karatasi ya plastiki ya kufunikia maharagwe. Akafika kwenye mlango unaong'aa hivyo anajiona mwenyewe ndani yake, akatandika plastiki juu ya kiti, akafunika na upande wa mlango, akakaa katikati, mikono kwenye mapaja, hagusi kitu. Na mimi, kwa heshima, nikakaa kimya. Ningesema nini? "Mama, egemea"?

Kipushi tulikuta watu wengi. Nikaegesha mahali pa kuonekana. Sikuingia ndani, nikabaki nimesimama pale na wanaume wenzangu, nawaeleza habari za karnauba, za sashe, za karatasi moja ya kaye. Wananisikiliza! Wanatabasamu, wanagongana viwiko, nikajua elimu inaingia. Nilijiachia. Nikapandisha mikono yote miwili, nikaiweka juu ya paa, nikalaza kifua, kama mwenye mali.

Nilishika mikono watu wote wa msiba ule. Wazee, mapadri, wajane. Nilitembea mbele ya mama mukwe kwenda kuchukua chakula, nikarudi, nikaenda tena. Yeye alikuwa ananitazama, anafungua mdomo, anafunga, anatazama chini, anashika rozari. Nikasema moyoni, leo hatimaye ameona nimekuwa mtu.

Usiku bibi yangu akalipokea lile shati, akalinyoosha kwenye taa, kifua chote roze na vidole kumi kwenye kola.

"Mama yako alikuwa anakaa mbele yangu siku nzima," nikasema. "Hata neno moja?"

"Alikuona tangu mara ya kwanza," bibi yangu akasema. "Weye ni mukwe yake. Angekuambia namna gani?"